Mshale Uliogeuzwa

Miali miwili ya buluu ilirushwa kutoka minara miwili ya Sumbawanga Mpya, ikakatana hewani mita tisini na tano juu ya barabara. Mtambo wa kutandaza sakafu-nuru ulikuwa kazini.

Lakini mtambo hautandazi kitu mpaka upewe mlinganyo wa bapa, yaani uso tambarare, linalobeba miali yote miwili. Fundi huzidisha kimtambuko mwelekeo wa mwali wa kwanza na wa pili, akapata mshale uliosimama wima kwa yote miwili. Mshale huo na nukta ya makutano vinatosha. Ukianza na mwali wa pili, bapa ni lile lile, ila mshale hutazama chini, na sakafu humvuta chini atakayeikanyaga.

Fundi mmoja, Sikudhani, aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili. Siku hizi, loo, ni Lusekelo asubuhi, Lusekelo jioni! Huyo huyo aliyefundishwa na yeye Sikudhani! Na daraja hili la sakafu-nuru, la kwanza kuvuka mji mzima, kapewa nani? Roho ilimchoma kama aliyemeza pilipili nzima.

Lusekelo alipotoka kuwapokea wageni, Sikudhani alikisogelea kioo cha mtambo. Kiliandika: −x − y + 10z = 900; jina la mwenye hesabu halionyeshwi mpaka sakafu itande. Akabadili mpangilio wa miali. Sasa: x + y − 10z = −900.

“Na aumbuke,” alinong'ona. Mafundi wana desturi: mwenye jina kwenye hesabu hukanyaga wa kwanza, tena bila kamba. Zile mita tisini na tano hakutaka hata kuzifikiria.

Sakafu ikatanda, inang'aa. Mkuu wa mafundi akasoma kioo kwa sauti: “Hesabu ya Sikudhani! Fundi, karibu ukanyage.”

“Yangu?” Sikudhani aliduwaa.

Lusekelo akatabasamu. “Niliandika jina lako tangu asubuhi, dada. Mimi nimekokotoa tu, njia ulinipa wewe. Heshima hii ni yako.”

Watu wakapiga makofi. Sikudhani akainua mguu, akaurudisha.

“Mshale nimeugeuza mimi,” alisema. “Nilikuonea gere, Lusekelo.”

Makofi yakakatika. Lusekelo alikiendea kioo. Alirudisha mpangilio wa miali, akalifuta jina la Sikudhani, akaandika lake. Kisha akapita mbele yake, akakanyaga, na sakafu ikambeba.