Upande wa Nne wa Shamba

Kila asubuhi ya kiangazi, Annonciata alibeba ndoo ya maji na kuwapelekea nyuki wake. Alimimina maji katika sahani za bati, akatia vijiti ili nyuki wapate pa kutua. Kisha alikaa pembeni kidogo na kusikiliza mvumo wao.

Shamba lake lilikuwa Ilembo, pembezoni mwa mji wa Mpanda. Udongo wake ulikuwa wa changarawe, na mahindi hayakustawi. Kwa sababu hiyo marehemu mumewe alijenga vichanja chini ya miti ya miombo, akaweka juu yake mizinga kumi na miwili ya mbao. Mizinga hiyo ndiyo iliyomlisha mjane huyu.

"Wengine wanalima kwa jembe," alizoea kusema. "Mimi nalimiwa na nyuki."

Jirani yake alikuwa Mzee Gaudensi, mkulima wa mahindi na tumbaku. Alikuwa mtu wa misa ya kwanza. Hakulewa, hakusengenya, wala hakuchelewa popote. Alijivunia jambo moja kuliko yote: tangu azaliwe hajawahi kumdhulumu jirani.

Mwezi wa nane, Mzee Gaudensi alichoma mabua shambani mwake. Mchana upepo ulivuma. Moto ukavuka mpaka, ukaingia katika majani makavu ya Annonciata. Watu walipofika na matawi mabichi, mizinga yote ilikuwa imekwisha kuungua. Nyuki wachache waliosalia walizunguka juu ya majivu, hawana pa kutua.

Kesho yake Annonciata alikwenda kwa jirani yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Pole na moto."

"Nimekwisha kupoa. Nimekuja tuzungumze juu ya mizinga yangu."

"Tuzungumze nini?" Mzee Gaudensi aliuliza. "Mimi sikukusudia. Nilichoma shamba langu. Aliyechoma lako ni upepo. Kamdai huyo."

Annonciata aliondoka. Aliwaza jambo moja tu. Mvua zikianza kabla hajapata mizinga, hatakuwa na mavuno. Itambidi afunge nyumba na kurudi kwao Katumba, akalishwe na kaka yake kama mtoto.

Siku ya tatu alikwenda mjini, mtaa wa Kashaulili, karibu na soko. Huko alikuwapo Goreth, msaidizi wa kisheria, ambaye huwaeleza wananchi haki zao bila malipo. Goreth alimsikiliza mpaka mwisho.

"Lakini naogopa," Annonciata alimalizia. "Mzee Gaudensi ni mwenyeji. Wazazi wangu walitoka Burundi. Watu watasema nimekuja juzi, leo nashtaki."

"Mama, wewe ni raia. Na hata asiye raia, mali yake ikiunguzwa, anayo haki ya kudai. Sheria haiulizi babu yako alizikwa wapi. Inauliza ni nani aliyesababisha hasara, na kwa namna gani. Majivu umeyaondoa?"

"Bado."

"Usiyaguse. Yapige picha. Andika majina ya waliokuja kuzima moto. Madai ya namna hii yana muda wake: miaka mitatu tangu madhara yatokee. Usikae ukalala. Lakini kabla ya mahakama, twende tukaonane naye."

Walimkuta Mzee Gaudensi amekaa kibarazani. Mkewe, Imakulata, alikuwa akipepeta maharage.

"Shikamoo, babu," Goreth alisema.

"Marahaba, mwanangu. Kama umekuja kunipeleka gerezani, ngoja kwanza nivae viatu."

"Hakuna wa kukupeleka gerezani. Gereza ni habari ya jinai. Huko serikali humshtaki mtu ili aadhibiwe. Sisi tumekuja kwa madai. Madai hayatafuti adhabu. Yanataka aliyepata hasara arudishwe pale alipokuwa, kadiri inavyowezekana."

"Nimekwisha kumwambia. Sikukusudia."

"Nakubali, babu. Lakini si lazima mtu akusudie. Anayewasha moto ana wajibu kwa jirani yake. Anapaswa kuchukua tahadhari ambayo mtu mwenye busara angeichukua. Asipoichukua, na jirani akapata hasara kwa sababu hiyo, huo ni uzembe. Atalipa fidia."

"Na upepo je? Mimi nauamrisha?"

"Kwani upepo wa mwezi wa nane ni mgeni hapa Ilembo?"

Imakulata alicheka. "Mgeni gani huyo? Kila mchana anatutilia vumbi kwenye ugali."

"Mama Heri, pepeta maharage yako," mumewe alisema.

"Napepeta. Masikio ndiyo hayana kazi."

Goreth aliomba walione shamba. Wote wanne wakaenda. Upande wa ghala walikuta ukanda wa udongo mtupu, upana wake hatua sita. Mzee alikuwa ameulima na kuufagia kabla ya kuwasha moto. Upande wa bani la kukaushia tumbaku ulikuwapo ukanda kama huo. Upande wa nyumba vilevile. Walipofika upande wa nne, mpakani kwa Annonciata, hapakuwa na ukanda. Weusi wa moto ulipita moja kwa moja.

Imakulata ndiye aliyeuliza.

"Baba Heri, zile pande tatu ulizilima za nini?"

"Ili moto usivuke."

"Basi ulijua kwamba moto huvuka."

Mzee Gaudensi alitazama chini. "Jua lilikuwa limepanda," alisema. "Nilikuwa nimechoka. Nikajiambia upande huu hakuna kitu."

"Kilikuwapo, mzee," Annonciata alisema. "Ila kilikuwa changu."

Mzee Gaudensi alivua kofia yake.

"Miaka yote hii sijamdhulumu mtu," alimwambia Goreth. "Nikilipa leo, watu watasema nini?"

"Watasema umelipa."

Kisha Goreth alimgeukia Annonciata. "Nawe mama, majani chini ya vichanja hukuyafyeka. Hakimu angeliona hilo pia, na angepunguza fidia yako. Mwenye mali naye ana sehemu yake ya kujilinda."

"Hilo ni kweli," Annonciata alisema. "Nilisema nitafyeka kesho."

Wakapatana. Mzee Gaudensi atatoa mizinga kumi, na miwili Annonciata atajitengenezea. Kwa asali iliyoteketea, mzee atampa magunia mawili ya mahindi. Maneno hayo yaliandikwa, yakasomwa kwa sauti, na kila mmoja akatia saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Mzee Gaudensi alitimiza ahadi kabla ya siku aliyopewa. Mizinga aliiagiza kwa seremala, lakini aliibeba mwenyewe, miwili miwili, mchana, watu wakimwona. Mvua za kwanza ziliikuta juu ya vichanja vipya. Makundi ya nyuki yakaja, yakaingia mzinga mmoja baada ya mwingine. Annonciata hakwenda Katumba.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nane ulipofika, Mzee Gaudensi alitoka na jembe alfajiri. Alikuwa amekwisha kuwaarifu majirani wote siku ya kuchoma. Alimkuta Annonciata mpakani, akifyeka majani chini ya vichanja vyake.

Imakulata aliwaletea maji. Alitazama ukanda mpya wa udongo, akamtazama mumewe.

"Baba Heri, mwaka huu umeanzia upande wa nne?"

"Nimeanzia hapa nikiwa na nguvu," mzee alijibu. "Upande wa ghala langu, hata nikichoka sitausahau."

Walisubiri upepo utulie, wakawasha. Moto ulikula mabua, ukaja mbio hadi mpakani. Hapo ulikuta udongo mtupu. Ukakosa cha kula, ukazimika. Ng'ambo, nyuki waliendelea kunywa maji katika sahani zao.