Ndiyo za Msamala

Karanga zenyewe zilikuwa nzuri, za chumvi, bado za moto. Kilichompandisha Kasiana hasira ni karatasi.

Ilikuwa Jumamosi pale Soko Kuu la Songea, watu wanasukumana kati ya marundo ya mitumba na magunia ya maharage, na mama muuza karanga amekaa na kitabu magotini. Anachana ukurasa, anausokota, anajaza karanga, anapokea hela, anachana mwingine. Kasiana alikitambua kitabu kile kabla hajafika. Amekifundisha miaka na miaka. Siasa, kidato cha tatu: ujima, utumwa, ukabaila, ubepari, ujamaa, jamii ya binadamu inapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka kwenye haki. Halafu asubuhi moja somo likafutwa, likaja jingine linaitwa Uraia, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyepita kuwaambia walimu kama yale waliyowaimbisha watoto yalikuwa uongo tangu mwanzo au yamekuwa uongo juzi.

"Mama, hivi vitabu umevitoa wapi?"

"Stoo ya shule, Mwalimu. Wanauza kwa kilo. Wamesema havina kazi."

"Havina kazi!"

"Mimi nimepata ukabaila," ikasema sauti pembeni yake. "Ubepari kaondoka nao yule bwana wa baiskeli, mbio kwelikweli."

Kasiana akageuka. Kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, suruali ya bagi iliyopigwa pasi ikasimama, shati la kitenge, miwani. Karanga kaziweka mfukoni, ukurasa kaukunjua anausoma.

"Unacheka nini?"

"Sicheki, dada. Nasoma. Aliyeandika hapa alikuwa na uhakika sana na mambo yake."

"Na wewe uhakika wako uko wapi?"

"Wangu?" Akamtazama vizuri: gauni la maua lililobana kiunoni, nywele za twende kilioni, macho yanayowaka. "Nina uhakika kwamba hasira zako zinahitaji chai."

Mama wa karanga akaangua kicheko. Kasiana alitaka kumrushia neno kali, akaishia kumfuata. Walikunywa chai. Kijana aliitwa Daimu, mzaliwa wa Nakapanya kule Tunduru, amesoma sosholojia Chuo Kikuu, na sasa ameajiriwa na washauri wa Dar es Salaam kutafiti namna watu wa Ruvuma wanavyobadilika katika siku hizi za soko huria.

"Kwa hiyo unatuchunguza," Kasiana alisema.

"Nawasikiliza. Nadharia ya kisasa inasema hivi, Mwalimu: jamii inatoka kwenye mazoea, inakwenda kwenye uchaguzi. Mtu aliyezoea kupewa anaanza kujiamulia mwenyewe."

"Na anayechukua anaitwaje kwenye nadharia yako? Maana kwangu mimi kuna anayepewa, na kuna anayechukua."

"Aa, sasa unanifundisha matabaka."

"Lipa chai kwanza, bwana mkubwa, matabaka utayaona."

Ndivyo yalivyoanza. Wengine hutongozana kwa mashairi. Hawa walitongozana kwa nadharia. Daimu alimwita Kasiana "mwanaharakati wangu", Kasiana akamwita "mtafiti", na neno hilo lilipata utamu mdomoni mwake mpaka walimu wenzake wakawa wanalikohoa akipita. Jumapili alitoka misa ya kwanza, akamkuta Daimu ng'ambo ya barabara kajiegemeza, kanzu nyeupe, anatafuna muwa kama mtoto.

"Laazizi, padri kasema nini leo?"

"Kasema tujihadhari na watu wanaouliza maswali mengi."

Daimu alipoanza kuzunguka Msamala nyumba kwa nyumba, nani wa kumpeleka kama si Kasiana? Mtaa wake ule. Watoto wa pale amewafundisha yeye. Walipofika, kigoda kilifutwa kwa ncha ya kanga, maji ya kunywa yakaletwa, na Kasiana akakaa pembeni ya mpenzi wake, bega kwa bega, moyo unamcheza. Daimu aliuliza kwa adabu: zahanati ikipatiwa dawa na huduma nzuri, je, ungekuwa tayari kuchangia gharama?

"Ndiyo, tutajitahidi," walisema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Tutashindwaje?"

Nyumba ya Kunegunda, jirani wa ukuta kwa ukuta, walipewa na viazi vitamu vya kuchemsha. Kunegunda alikuwa na mimba ya miezi mitano, anauza vitumbua barazani, na alisema ndiyo kabla swali halijaisha, huku akimkonyeza Kasiana kumsifia mwanaume. Njiani Daimu alikuwa kama kakubaliwa posa.

"Umeona, Kasi? Watu hawataki bure tena. Wamebadilika!"

Naye Kasiana, mwalimu wa siasa, aliyekariri kila aina ya unyonyaji duniani, alikuwa anatazama mkono wa Daimu umeushika wa kwake. Hakusikia kitu.

Daimu akarudi Dar kuandika. Akawa anapiga simu ofisi ya mkuu wa shule, mkuu wa shule anatoka mlangoni na kupaza sauti uwanja mzima usikie: "Mwalimu Kasiana! Mtafiti wako!" Simu yenyewe inakwaruza, inakatika.

"Umekula?"

"Umepiga kutoka Dar kuniuliza kama nimekula?"

"Nimepiga kusikia unavyogomba. Huku hakuna anayenigombeza."

"Rudi basi ugombezwe."

"Nikirudi, nakuja na maneno ya kupeleka kwenu Madaba, kwa mzee."

Kasiana alicheka, halafu akakumbuka kwamba mzee wake alikuwa Mkatoliki wa kusali rozari shambani, na Daimu alikuwa Mwislamu. Lakini hilo, alijiambia, watalivuka mbele ya safari.

Lililotangulia si hilo. Kwanza kilikuja kibao. Kilipigiliwa juu ya dirisha jipya pale zahanati, dirisha la kulipia, na mkutano wa mtaa ukaitishwa ili watu waelezwe. Mtendaji alisoma karatasi iliyotoka juu: utafiti wa kisayansi umeonyesha kwamba wananchi, kwa hiari yao, karibu wote, wamekubali kuchangia. Wananchi wenyewe walikuwa wamekaa hapo hapo kwenye nyasi, wanasikiliza walivyokubali. Walipiga makofi! Tuliokuwapo tunakumbuka. Mtu anaambiwa ameomba kukabwa, na anapiga makofi kwa sababu mkutano ukifungwa watu hupiga makofi.

Mvua zilipoanza, Kunegunda alishikwa na homa. Mume wake alikuwa Tunduru kwenye vibarua. Hakwenda zahanati siku ya kwanza wala ya pili. Alisubiri mteja wa debe lake la mahindi. Alipompata na kufika dirishani, homa ilikuwa imeshamaliza kazi yake. Mtoto alitoka amekufa, wa kike, kamili na kucha zake.

Kasiana alimkuta amelala mkekani, maziwa yanamtoka, yamelowesha kanga.

"Dada Kunegunda, kwa nini hukuniambia?"

"Sikuwa na hela, Mwalimu."

"Lakini... ulisema utaweza. Ulimwambia Daimu."

Kunegunda akamtazama bila ukali, na hiyo ndiyo iliyomuua Kasiana. "Mgeni amekuja na karatasi, amekaa kwangu, amekula viazi vyangu. Ningemwambia hapana? Na wewe umemleta wewe mwenyewe."

Hasira ikitafuta mahali pa kutua haitui ndani kama nje kuna mahali. Kasiana alikwenda moja kwa moja Posta, akasimama kwenye foleni ya simu na kanga ya msibani, akafungiwa kwenye kile kichumba chenye harufu ya jasho la watu.

"Halo? Kasi? Mpenzi, leo umenipigia wewe—"

"Amezaliwa amekufa."

"Nani?"

"Hata jina hakuwahi kupewa. Mtoto wa Kunegunda. Umetuuza, Daimu."

Akamweleza.

"Kasiana, mimi niliandika walichosema."

"Walichosema! Wewe si mtoto wa Nakapanya? Bibi yako mgeni akifika na swali anamjibu hapana? Huo usomi ulikufutia hata mama yako?"

"Sikuweka mimi lile dirisha."

"Uliweka ndiyo. Wengine wakaweka dirisha. Kibaraka mkubwa! Na hela zao ndizo ulizoninunulia kitenge."

"Kasi, nisikilize..."

"Nimekusikiliza vya kutosha, na mwenzangu amezika."

Akaitundika simu kwa nguvu mpaka karani akasimama.

Daimu alipiga shuleni. Kasiana aliagiza aambiwe hayupo. Akachoma kitenge. Usiku alijilaza akamsomea hukumu kichwani: tabaka lake, mabwana zake, maslahi yake. Hukumu ilikamilika, haina tundu. Kila alipoimaliza, lilibaki jambo moja halina pa kukaa: bega lake mwenyewe, karibu na bega la Daimu, nyumba baada ya nyumba. Nani angemkatalia Mwalimu?

Wiki ya pili yake, saa ya mapumziko, alimwona langoni. Vumbi la basi mpaka kwenye kope, miwani imepasuka kioo kimoja, hajabeba zawadi.

"Sikuja kuomba msamaha," Daimu alisema. "Ningekuja kwa hilo ungenifukuza."

"Nitakufukuza vilevile."

"Niliamini, Kasiana. Hiyo ndiyo aibu yangu. Hakuna aliyenihonga. Niliamini watu wanapanda ngazi, kutoka utegemezi kwenda uhuru. Ndiyo zao zikaenea vizuri kwenye ngazi yangu, nikafurahi."

Kasiana alifungua mdomo amkate vipande. Badala yake akasikia sauti yake inasema, "Na mimi nilikuwa na ngazi yangu. Miaka yote ile. Vidato vitano, ujima mpaka ujamaa. Nilikuwa nimekaa juu yake nakutazama wewe." Akajifuta uso kwa kiganja. "Hawakukujibu wewe, Daimu. Walinijibu mimi."

"Walitujibu sote."

"Nadharia gani hiyo sasa?"

"Sijui. Labda inayoanza kwa kuuliza nani anaweza kusema hapana, na akiisema atapatwa na nini. Nyingine zote zianze hapo."

"Hiyo usiniambie mimi. Kamwambie Kunegunda."

Walikwenda. Na Kunegunda, Mungu amhurumie, alifuta kigoda. Akasonga ugali, akachemsha likolo, mboga ya majani, akamwambia Daimu karibu mwanangu, umetupotea sana. Daimu alikula huku machozi yanadondokea kwenye mboga. Hakumuuliza kama yuko tayari kwa lolote. Alimuuliza ameuza nini.

"Debe la mahindi," alisema Kunegunda. Akaongeza: "Na kuku wa mbegu. Na ile kanga ya harusi." Akaanza kutaja na majirani walichouza, nani kajitibu kwa mizizi, nani kalala ndani hajulikani ana nini. Mpaka jua linazama alikuwa hajamaliza, na sauti yake haikuwa tena ya kumpokea mgeni.

Kikao cha madiwani kilikuwa Ijumaa, ukumbi umejaa, maana Kasiana alipita nyumba kwa nyumba kuwaita. Daimu alisimama kwa suti ya kuazima, mikono mifupi.

"Utafiti mliousoma ni wangu, na haufai," alisema. "Niliwauliza watu swali ambalo kwao jibu lake ni moja tu. Watu hawa hawakukubali. Watu hawa walinikaribisha. Msichukue ukarimu wao mkaufanya sheria."

Mwenyekiti alivua miwani. "Kijana, takwimu zimeshakwenda wizarani. Sasa unataka tuiambie wizara nini, kwamba wananchi wana adabu?"

Mbele walicheka. Nyuma, walikokaa wanawake wa Msamala, hakuna aliyecheka, na mkutano ulipofungwa hakuna aliyepiga makofi. Madiwani na kofia zao walitoka katika ukimya ule wakitazama chini. Dirisha lilibaki. Washauri wa Dar walikuwa wameshamfuta Daimu kazi jana yake, waliposikia anachotaka kusema. Tunaliandika hili ili mtu asije akasema kesho kwamba watu waliridhia.

Nje ya ukumbi Daimu alikaa kwenye ngazi za saruji, koti magotini.

"Sasa sina kazi, sina nadharia, na suti ni ya watu."

"Una viatu?" Kasiana aliuliza.

"Ninavyo."

"Kesho tunakwenda Madaba kwa baba."

Akainua kichwa. "Kasi, usifanye kwa huruma."

"Huruma? Mimi? Nimekaa siku zote hizi nikitafuta namna ya kukuchukia, ikakataa. Nimechoka, mtafiti. Twende."

"Mzee atakubali?"

"Hatakubali hata kidogo."

Mzee Urbani walimkuta uani anapukuchua mahindi, rozari shingoni juu ya sweta lililotoboka. Daimu akainama, "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye yule?"

"Ndiye mimi."

"Kwenu mnasali wapi?"

"Msikitini, baba. Nimekuja mwenyewe kwanza, mshenga atafuata."

"Nguruwe unakula?"

"Hapana, baba."

"Sasa harusi ya mwanangu watu watakula nini, majani?" Gunzi likarushwa upande. "Kazi?"

"Nilifukuzwa juzi."

"Hapana," alisema Mzee Urbani, kwa sauti iliyowasimamisha kuku. "Sitaki. Leo nasema hapana, na kesho ukija nitasema hapana, na hapo mlimani wanisikie!"

Kasiana alishusha pumzi. Lakini Daimu alikuwa ameinamisha uso na mabega yanatikisika.

"Kijana, unalia au unacheka?"

"Vyote, baba. Nimezunguka mkoa huu mzima nikiuliza watu maswali. Wewe ni wa kwanza kunijibu."

Mzee akamtazama kwa muda mrefu: koti la kuazima, kioo kilichopasuka, vumbi. Kisha akasukuma kigoda kwa mguu, hakukifuta.

"Kaa," akasema. "Hapana yangu ni ndefu."