Niangalizie Mzigo

Violeth alijua kwamba treni haijasimama kwenye stesheni ile tangu kabla hajazaliwa. Lakini mwanamke mwenye kitenge kilichopauka alipomwambia, "Mayu, mama yangu, niangalizie mzigo, nikakate tiketi," mdomo ulitangulia akili.

"Haya, nenda."

Msimcheke. Na ninyi mngejibu hivyohivyo, ndivyo tulivyolelewa.

Ilikuwa adhuhuri, naye alipumzika tu kwenye kivuli cha stesheni akitoka kuuza karanga Maganzo. Mabati ya paa yalishaibwa, kimebaki kipande. Dirisha la tiketi limezibwa kwa matofali. Mwanamke akaliendea dirisha lile, na hakuonekana tena.

Mzigo ulinuka grisi na pamba iliyolowa. Enzi za pamba, mama mmoja aliuacha hapo kwa mtu asiyemjua, akapanda treni, hakurudi. Alichokifunga ndani hakuna anayekitaja.

Violeth akaondoka. Hatua kumi tu, mzigo ukalia, ukalia kwa sauti ya mwanawe wa miezi mitatu aliyemwacha kwa jirani, kilio kilekile chenye kwikwi mwishoni, maziwa yakamlowesha blauzi, miguu ikageuka yenyewe ikamrudisha, na kila alipojaribu tena ikawa vilevile, mpaka jua likashuka na akajua kwamba mtoto wa kweli naye sasa analia, kwa njaa.

Mchunga ng'ombe mmoja akamwitia Maige, mganga. Mzee mwema, hakudai hata kuku.

"Hauchomwi, hauzikwi," alinong'ona. "Unapokelewa tu na mtu aliyekubali. Subiri, tutatafuta njia." Akainama kusaga dawa.

"Babu," Violeth akasema taratibu, "niangalizie basi, nikajisaidie."

"Haya, mayu, nenda."

Jiwe la kusagia likasimama. Wakatazamana. Mzigo ukaanza kulia kwa sauti ya mtoto ambaye Maige alimzika miaka thelathini iliyopita.

Violeth alikimbia. Hakugeuka.

Asubuhi akaja kwa Violeth Eufrasia, mke wa mganga, na kopo la uji.

"Mama Luka, umemwacha wapi mzee wangu? Hakulala nyumbani."

Violeth akamhamishia mwanawe Luka kwenye titi la pili. "Yuko stesheni, mama. Amechoka. Mpelekee."

"Mungu akubariki, mwanangu."

Jioni Maige alipita peke yake akitoka stesheni, kopo la mkewe tupu mkononi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mayu. Mtoto anaendeleaje?"

"Ananyonya."

"Vizuri," mzee akasema, akaenda zake.