Wageni wa Anyait Kutoka Mji wa Mwamba

Busaa ya Anyait ilianza kupungua kabla wanywaji hawajafika. Mtungi ulikuwa katikati ya nyumba yake pale Malaba, na mchana mweupe mirija ikawa inatingishika yenyewe, fyuu, fyuu, kama wazee wamekaa wanavuta.

"Mama, umekunywa mwenyewe unasingizia upepo!" Mutua akacheka.

Mutua alikuwa dereva wa lori, Mkamba. Enzi hizo za Amin malori yalikwama sana mpakani, na dereva aliyekwama hakosi la kufanya. (Mtoto wa Anyait alikuwa na pua ya Kikamba kabisa, lakini hayo tuyaache.) Juzi Mutua alimpeleka Anyait mlimani kuona mji wa watu wa kale: nyumba zimechongwa ndani ya mwamba, vitanda vya mawe, jiko jeusi kama limezimwa jana. Wakiondoka, Anyait aligeuka mlangoni akasema vile alivyolelewa: "Asanteni, wenyeji. Nanyi mje kwetu."

Sasa nyumba ilinuka mawe mabichi na moshi mkuukuu.

Kisha wageni hao wasioonekana wakaacha busaa. Anyait alikuwa amempakata binti yake Amoding, akasikia fyuu ileile kifuani pake, baridi kama jiwe la mtoni, na alipompa mtoto titi lilikuwa kavu, na kesho yake kavu, na mtoto akalia mpaka sauti ikaisha, akabaki kupanua mdomo kama kifaranga huku anakonda mamake akiona.

"Uliwaalika?" mganga Ongodia alinong'ona.

"Ilikuwa heshima tu, mzee."

"Nao wana heshima, ndiyo wakaja. Nikiwafukuza watakasirika. Wasindikize mpaka kwao, na uwabebee mzigo."

"Mzigo gani?"

"Beba kikapu kitupu. Utaona."

Akapanda mlima, mtoto mgongoni, kikapu kichwani kikizidi uzito kila hatua, na nyuma yake nyayo nyingi zikiburuzika, na hakuthubutu kugeuka hata shingo ilipokaribia kukatika. Mlangoni akakitua. Kilikuwa kitupu.

"Haya, kaeni salama."

Hapo hapo maziwa yakamlowesha gauni. Amoding akanyonya, akashiba. Anyait akamfunga mgongoni kwa leso, akashuka mbio, analia kwa furaha.

"Mwanangu," sauti ya bibi kizee ikamwita kutoka mwambani, pole kabisa, kwa Kiteso cha zamani. "Utaendaje peke yako? Tukusindikize. Lete huo mzigo."

Fundo la leso likafunguka taratibu, kwa adabu, na mgongo wake ukawa mwepesi.