Sungura Walionenepeshwa kwa Ajili ya Wageni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Wankyo alikata nyasi nyuma ya nyumba yao. Hakuwapa sungura wake nyasi hizo zikiwa mbichi. Alizitandaza juani, kisha akachukua zile alizokwisha kuanika siku za nyuma, zilizokauka na kunukia vizuri, akazijaza ndani ya banda. Ndivyo alivyofundishwa na mjomba wake wa Nyasho, mjini Musoma, aliyempa sungura jike wakati wa likizo. Sasa jike huyo alikuwa na watoto wanne wadogo, wepesi, wenye masikio membamba yanayopitisha mwanga.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya Ujamaa. Familia ya Wankyo na majirani zao walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye makazi yao ya zamani, wakapangwa kwa mistari karibu na Mugeta. Mvua zilikuwa zimekataa. Watu walipanga foleni kugawiwa unga wa njano wa msaada, na mama aliyelalamika kwamba hautoshi aliambiwa anapinga maendeleo. Ninyi mnaosoma leo mjue hivyo: foleni ile ilikuwa ndefu, na wenye sauti kubwa hawakusimama ndani yake.

Jioni moja Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Leonardi, alisimama mbele ya banda la sungura, mikono mgongoni.

"Wewe binti wa Nyamhanga," alisema, "wageni wa mkoa wanakuja kukagua miradi. Kuku wamekwisha kwa ugonjwa wa kideri. Pamba imenyauka. Nitawaonyesha nini, vumbi? Kuanzia leo hawa sungura ni mradi wa kijiji."

"Ni wa kwangu, Ndugu Mwenyekiti. Nilipewa na mjomba."

"Kwangu, kwangu! Hiyo lugha imekwisha. Tena angalia walivyokonda. Watenge na mama yao, kama tunavyotenga ndama, wajifunze kula. Nitaleta unga."

"Mjomba alisema bado wananyonya. Na chakula chao kikubwa ni nyasi kavu."

"Mjomba wako ananifundisha mifugo mimi? Mimi nilikuwaga nachunga zizi zima la babu yangu kabla mama yako hajaolewa. Ng'ombe akirudi jioni unatazama nini? Ubavu. Ubavu ukijaa, mnyama ameshiba. Basi!"

Wankyo alimtazama baba yake. Mzee Nyamhanga alikohoa, akasema polepole, "Mwanangu, fanya anavyosema mkubwa."

Unga ulikuja, mfuko mzima wa ule wa njano. Justina, mama yake Wankyo, aliutazama kwa muda mrefu. Mtoto wake mdogo alikuwa amelala kwa uji mwepesi kama maji.

"Unga huu ni wa sungura?" aliuliza.

Kisha akauburuta mfuko hadi jikoni.

Wankyo aliwatenga watoto wa sungura. Aliwakorogea unga kwa maji, akawawekea pia majani ya kabichi kutoka bustani ya Mwenyekiti, yakiwa bado yana umande. Walikula kwa pupa. Halafu aliona jambo lililomshtua: mmoja aliinamisha kichwa, akala kinyesi chake mwenyewe, laini kama ngozi ya zabibu. "Lo! Wageni wakiona aibu hii!" alisema, na tangu hapo akawa anafagia banda kila mara ili wasipate nafasi.

Matumbo yao yakaanza kujaa. Yakawa mviringo. Kila aliyepita alisifu, kwa maana watu wa ng'ombe humpima mnyama kwa ubavu.

Ila Nathanieli, mvulana wa jirani aliyesoma naye darasa moja, alichungulia bandani akakunja uso. "Wankyo, hawa mbona hawachezi? Wamejikunyata tu. Sikiliza, wanasaga meno."

"Wivu huo," Wankyo alimjibu. "Wewe huna hata panya wa kufuga."

"Panya wetu wana afya kuliko hawa," Nathanieli alisema, akaenda zake. Wankyo alicheka, lakini kicheko hakikufika moyoni. Alikuwa ameyaona yale aliyoyaona Nathanieli. Akanyamaza.

Siku ya wageni kulikuwa na nyimbo na ngoma. Mwenyekiti alimtoa sungura mmoja bandani, akamwinua juu.

"Tazameni tumbo hili, ndugu wageni! Haya ndiyo matunda ya Ujamaa!"

Watu walipiga makofi. Mgeni mmoja, mama aliyevaa kitenge, alinyoosha mikono akampokea. Alimgusa tumbo, tabasamu likatoweka usoni mwake. Lilikuwa gumu kama ngoma iliyowambwa. Sungura alinyoosha miguu, akatoa sauti nyembamba ambayo hakuna mtu pale aliyewahi kuisikia, akafa mikononi mwake.

Makofi yalikatika. Wankyo alikimbilia bandani. Mwingine alikuwa amelala ubavu, ameharisha, amekwisha kuwa baridi. Waliobaki wawili walitetemeka kwenye pembe.

"Hujuma!" Mwenyekiti alipaza sauti. "Kuna mtu ametia sumu! Nathanieli! Nilimwona akichungulia hapa. Baba yake ndiye aliyehamia wa mwisho kijiji kizima, tunawajua hawa. Mgambo, mkamate!"

Mgambo alimkwida Nathanieli shati. "Twende, mura, kijana wewe!"

"Sijafanya kitu, mimi! Mama!"

Neno hujuma halikuwa la mchezo. Wanaume wazima walipelekwa kufungwa Bunda kwa neno hilo, na wake zao walibaki kulima peke yao. Mzee Nyamhanga alimkazia Wankyo macho anyamaze.

"Mwacheni!" Wankyo alilia. "Ni mimi niliyewalisha! Niliwatenga na mama yao, nikawapa unga. Ule unga wa foleni. Ndugu Mwenyekiti aliuleta mwenyewe, mfuko mzima!"

Mlio ulipita kwa akina mama kama wa mtu aliyeungua moto. Mfuko mzima!

"Mtoto huyu mwongo," alisema Mwenyekiti.

"Mfuko uko jikoni kwangu," Justina alisema, akaja kusimama karibu na binti yake. "Nikaulete?"

Mwenyekiti alitikisa mkono kwamba usiletwe.

Miongoni mwa wageni alikuwamo Bwana Enoka, bwana mifugo wa Bunda. Alimpasua sungura aliyekufa kwa kisu kidogo, akawaita watu wakaribie. Utumbo ulikuwa umevimba kwa hewa, na ndani yake mlikuwa na uji uliochacha.

"Sioni dalili ya sumu," alisema. "Mwachieni kijana. Hiki mlichokiita unono ni gesi."

Nathanieli aliachiwa. Alikimbilia kwa mama yake.

Papo hapo Bwana Enoka aliondoa unga na kabichi. Aliwarudisha wale wawili kwa mama yao, wapate joto na maziwa, akaagiza wapewe maji safi na nyasi kavu tu. "Na kile kinyesi laini usikifagie," alimwambia Wankyo. "Ni sehemu ya chakula chao. Sungura hula mara ya pili ili apate nguvu iliyobaki."

Mmoja hakupona. Wankyo na Nathanieli walimzika pamoja, bila kusemeshana mengi. Yule wa mwisho alishinda amejikunja kifuani kwa mama yake, kisha asubuhi moja akaanza kutafuna bua la nyasi, na chini yake kukaonekana vidonge vidogo, vikavu, vya mviringo. Wankyo alivishangilia kama mtu aliyeokota dhahabu. "Nathanieli! Njoo uone! Amekunya vizuri!"

Kwenye mgao uliofuata, akina mama walikataa kupanga foleni mpaka magunia yafunguliwe mbele yao. Yalifunguliwa.

Bwana Enoka alipopita tena kumtazama yule sungura, aliwakuta watoto wengi wamelizunguka banda.

"Mtoto wa sungura asiachishwe kunyonya mapema," aliwaambia. "Chakula chake kisibadilishwe ghafla. Nyasi kavu ndizo zinazosukuma tumbo lake. Unga mwingi na majani yenye umande huligeuza kuwa kaburi. Na mnyama asiyecheza, anayesaga meno, msimsifu kwa ukubwa wa tumbo. Semeni anaumwa. Semeni siku hiyohiyo, hata kama anayesifu ni mkubwa kuliko ninyi. Wankyo alisema kweli, ikamwokoa mtu. Angeisema siku ile walipoacha kucheza, huenda mngekuwa na watoto wote wanne humu."