Mazoezi ya Mama

Kila siku ya shule Mabli alifika nyumbani saa kumi kasorobo, akavua viatu vilivyolowa mvua, akabandika birika jikoni na kuanza kumenya viazi. Saa kumi na moja na nusu mama yake, Lorraine, aliingia akiburuta miguu. Siku hizi hakuvua hata koti. Alijitupa kwenye kochi akafumba macho.

"Pole na kazi, Mama."

"Asante, mwanangu. Leo simu zimelia mpaka masikio yanawaka moto."

Lorraine alipokea simu katika idara ya huduma za wazee ya halmashauri. Wazee wengi wa milimani walizungumza Kiwelisi, lugha ya asili ya nchi yao ya Wales, kwa hiyo halmashauri iliwataka wafanyakazi wake wakijifunze. Walipewa mwalimu, na kila Alhamisi walitakiwa kupeleka zoezi kwa kompyuta. Mabli alikijua Kiwelisi tangu chekechea, maana ndicho alichofundishiwa shuleni. Mama yake alikulia bonde jingine, ambako lugha hiyo iliishia kwa bibi yake.

Jioni moja ya Oktoba Lorraine alisinzia mbele ya kompyuta. Alipozinduka alisema, "Mabli, hili swali la tano limenishinda. Nifanyie hili moja tu."

Mabli alilifanya kwa dakika moja. Wiki iliyofuata akafanya matatu. Kufikia Krismasi, mama alikuwa akifungua kompyuta tu, kisha Mabli anamaliza zoezi zima huku viazi vikichemka. Ili mwalimu asishtuke, alikosea neno moja au mawili kwa makusudi.

Alama zikapanda. Mwezi Januari Lorraine alipandishwa darasa, akapewa beji ya kuonyesha kwamba anasema Kiwelisi, kisha akawekwa kwenye simu ya Kiwelisi.

"Sasa utafanyaje, Mama?" Mabli aliuliza kwa wasiwasi.

"Nitajikaza. Wengi wanasalimia tu, halafu wanageukia Kiingereza."

Jumanne moja ya baridi kali, walipokuwa wakila supu ya kondoo, Lorraine alipiga mwayo, akasema, "Leo kuna bibi mmoja alinichosha. Bi Dilys, wa kule juu kilimani. Kila nikimuuliza shida yake, ananijibu 'saa, saa'. Nikadhani atapiga tena baada ya saa moja. Nikamwambia vizuri sana, asante sana."

Mabli aliweka kijiko chini. "Alisema *awr*, au *oer*?"

"Si yote ni mamoja?"

"Hapana, Mama. *Awr* ni saa. *Oer* ni baridi. Alikuwa anakwambia anasikia baridi!"

Lorraine alisimama. Hakumaliza supu yake. Alimpigia simu fundi wa zamu wa halmashauri, wakaingia kwenye gari wakapanda kilima.

Bi Dilys alikuwa ameketi kitini amevaa makoti mawili na kofia, midomo imegeuka rangi. Hita ya kupashia nyumba joto ilikuwa imekufa tangu siku iliyotangulia. Tangu alipopata kiharusi Kiingereza kilikuwa kimemtoka, amebaki na lugha ya utotoni mwake. Mabli alimchemshia chai. Bi kizee akamshika mkono, akaongea polepole kwa muda mrefu.

"Anasema nini?" Lorraine aliuliza.

"Anasema aliwaambia watu wa halmashauri. Anasema yule wa kwenye simu alimshukuru, halafu akakata."

Lorraine alipiga magoti, akaanza kuisugua miguu ya yule bibi. Aliendelea mpaka fundi alipofika na hita ikawaka.

Njiani kurudi Mabli alilia. "Kosa ni langu. Zile alama zilikuwa zangu."

"Mimi ndiye mtu mzima," mama yake alijibu. "Na mimi ndiye niliyekuomba. Kesho nitakwenda kusema."

"Tutakwenda wote. Mkono ulioandika ni wangu."

Kesho yake jioni walimkuta Mwalimu Heddwyn, aliyewafundisha wafanyakazi Kiwelisi, darasani, anapanga viti, pua nyekundu kwa mafua. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Niliona maendeleo ya ajabu nikafurahi, wala sikuuliza," alisema. "Hapo na mimi nina langu. Lakini Lorraine, halmashauri inatoa saa mbili za kazi kila wiki kwa mfanyakazi anayetaka kujifunza zaidi. Mbona hukuomba?"

"Niliona aibu. Nilidhani wenzangu wote wanaelewa."

"Na wao wanadhani hivyo hivyo juu yako! Mwaka mzima hakuna aliyeziomba."

Lorraine alivua beji, akaiweka mezani. Alipata barua ya onyo, akarudishwa darasa la wanaoanza. Lakini alizipata zile saa mbili, na mwenzake mmoja aliyekijua Kiwelisi tangu utotoni akawa anakunywa naye chai wakizungumza lugha hiyo tupu. Nyumbani, Mabli hakugusa tena kompyuta. Aliketi kando, mama akiuliza neno anamfafanulia, kisha anamwacha aandike mwenyewe.

Ilikuwa kazi ya kuchosha. Wiki nyingine Lorraine alipata nusu ya alama, nyingine hata nusu hakufika.

Polepole alama zikapanda, na mwezi Juni akarudishwa kwenye simu ya Kiwelisi. Jioni ile aliingia akiburuta miguu kama kawaida, akajitupa kwenye kochi.

"Leo mzee mmoja alitaka kiti chake cha magurudumu kitengenezwe," alisema. "Nilimwomba arudie mara tatu. Nikaogopa atanitukana. Unajua aliniambia nini? 'Usiwe na haraka, binti yangu. Mimi sina pa kwenda, kiti ni kibovu!'"

Mabli alicheka mpaka akashika tumbo. "Na mlielewana?"

"Tulielewana. Kiti kinakuja Ijumaa." Lorraine alimvuta bintiye karibu. "Nimechoka, Mabli, nisikudanganye. Ila zamani nilikuwa nachoka bure. Ulinionea huruma, na huruma ni jambo jema. Lakini ukimwandikia mtu majibu, siku ya haja atakuwa peke yake, wala hatakuwa na kitu. Ukimpenda, kaa naye mpaka ajue mwenyewe."