Mzee wa Ndani ya Kompyuta

Kila siku baada ya chakula cha mchana, Kezang alisafisha bakuli lake la wali mwekundu na pilipili zilizopikwa kwa jibini, kisha akakimbilia chumba cha kompyuta. Shule yao ya bondeni Bumthang ilikuwa imepata programu ya kufundisha matamshi ya Kiingereza, na tangu ifike, hata mpira ulisahauliwa uwanjani.

Mtoto alivaa visikizi, sauti ya mzee mtulivu ikamsomea sentensi, naye akairudia. Papo hapo sauti yake ilichorwa kwenye kioo kama safu ya milima, chini ya milima ya mzee. Ikifanana, iligeuka kijani. Kezang alibaki mdomo wazi. Sauti, kitu kisichoshikika, ilikuwa imelala mbele ya macho yake!

Ila milima yake ilikuwa vichuguu tu, tena vyekundu. Na mwenye alama nyingi ndiye angesoma shairi redioni Jumamosi. Kezang aliitaka nafasi hiyo kufa na kupona. Baba yake alikuwa mbali, akitengeneza barabara kule juu milimani, na jioni huko kambini baba huyo hakuwa na mwenzake ila redio.

"We Kezang, umemkosea nini huyo mzee?" Thukten, jirani yake wa kiti, alimtania. "Mbona mimi ananipaka kijani tu?"

Maneno yale yalimchoma. Kesho yake alikuja na simu aliyoazima kwa dada yake. Akairekodi sauti ya mzee, kisha akaisogeza simu kwenye kipaza sauti cha visikizi na kuicheza rekodi hiyo. Kijani kitupu! Lakini furaha aliyoitarajia haikuja.

Mwalimu Deki alipoziona alama hizo, alimwita. "Hongera, mwanangu! Hebu nisomee na mimi nifaidi."

Kezang aliitoa simu. Machozi yakamlengalenga. "Si mimi, Mwalimu. Ni mzee mwenyewe. Nilimrekodi."

"Yaani mashine imejisifu yenyewe?" Mwalimu alitikisa kichwa, akazifuta alama zote. "Nimesikitika, Kezang. Haya, keti. Soma kama unavyosoma siku zote."

Mzee akasema. Kezang akainamisha kichwa na kuziba mdomo kwa kiganja, kama afanyavyo kila mtoto wa bondeni anapozungumza na mkubwa, ili pumzi yake isimfikie. Kisha akajibu polepole. Nyekundu.

"Kumbe!" Mwalimu alishangaa. "Mkono huo wa nini?"

"Ni mtu mzima, Mwalimu. Nitampumuliaje usoni?"

"Uso anao wapi huyo? Hata pua hana! Toa mkono, inua kichwa."

Ilikuwa kama kuambiwa aingie hekaluni na viatu. Hata hivyo, Kezang alitoa mkono, akasoma. Milima ikapanda, ikapanda tena, mingi ya kijani, michache myekundu. Mwalimu akabonyeza kitufe, na sauti ya msichana ikamjaa masikioni, safi, isiyo na woga.

"Nani huyu?" Kezang alinong'ona.

"Ni wewe."

Kezang alikuwa ameishi na sauti hiyo tangu azaliwe, na hakuwahi kuisikia! Aliomba irudiwe, akaisikiliza amefumba macho.

"Basi nitasoma redioni, Mwalimu?"

"Jumamosi hii atasoma Thukten, maana alama zake ni zake." Mwalimu alimshika bega. "Jumamosi inayofuata iko wazi. Ukifanya mazoezi ukazipata alama, utasoma wewe. Watu wazima wape heshima, mwanangu, usiache. Mashine ipe sauti yako, hata kama ina makosa. Ukiipa ya mwingine, itamsahihisha huyo mwingine, na baba yako atakaa na redio yake akimsubiri mtoto ambaye hakujifunza kusema."